Sema umeliweka wapi

Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa. Hapa Nyegezi, Mwanza, tulitoka nje, wakubwa kwa wadogo, tukautazama ukigeuka mwekundu juu ya miamba. Jirani yangu, mvuvi wa dagaa, akasema, "Basi, wiki hii hakuna anayekwenda ziwani." Hakusema hivyo kwa sababu ya kupatwa. Mwezi ulikuwa mpevu, na dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikitanda juu ya maji, taa haina nguvu, dagaa hawajikusanyi, boti zinalala nchi kavu. Ndiyo maana huku kwetu wengi wa watu wa dagaa hawafungi hesabu tarehe 30. Wanafunga mbalamwezi ikiwa kubwa, wavuvi wanaposhona nyavu na wenye mizigo wanapokaa kugawana pesa.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama pale Mwaloni Kirumba ambao nimewaandikia programu ndogo ya kugawa hayo mapato. Wananunua dagaa wakavu kutoka visiwani, wanakusanya magunia pamoja, wanauza kwa wanunuzi wakubwa, kisha kila mmoja anapata chake kulingana na magunia aliyoingiza, baada ya kutoa nauli ya boti, ushuru na malipo ya wapagazi. Kabla yangu hesabu hiyo ilikuwa ikimchukua dada mhasibu wao siku nzima na kikokotoo. Nikaandika programu kwa lugha ya Python, mistari mia tatu hivi, nikaiita mgao. Unafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, unaandika neno moja, unabonyeza Enter, kazi imekwisha. Nilijivunia sana wepesi wake.

Jumanne ile, tarehe 9, saa nne na nusu asubuhi, simu ikaita. Dada mhasibu. Sauti yake haikuwa ya kawaida. "Fundi, shikilia simu usikate. Njoo Kirumba. Njoo sasa hivi."

Nikapanda daladala. Njiani nilidhani laptopu imekufa, kwa kuwa ni ya zamani na betri yake haidumu. Nilipofika nikawakuta wamekaa juu ya magunia, wanane au tisa, kimya. Dada amesimama pembeni na karatasi mkononi, macho mekundu. Mbele yake yupo mama mmoja mtu mzima, ambaye sote tunamwita Mayu. Nikamwamkia, "Mwangaluka, Mayu." Akaitikia, lakini hakuinua macho kutoka kwenye daftari lake.

Hilo daftari nataka nilieleze, maana bado naliona. Daftari dogo la kurasa arobaini na nane, jalada limeshaondoka, limefungwa kwa utepe uliochanwa kwenye khanga. Mayu hajasoma sana, lakini kila gunia lake likishuka kwenye boti anachora mstari mmoja kwa kalamu ya bluu. Mistari minne wima, wa tano unakatiza. Alikuwa ameweka ukucha wa kidole gumba juu ya ukurasa anausogeza pole pole, fungu kwa fungu: tano, kumi, kumi na tano. Alipofika fungu la nane akasema arobaini. Akagusa mstari uliobaki peke yake pembeni. "Na moja. Yangu ni arobaini na moja, mwanangu. Karatasi ya dada yako inasema thelathini na tano. Hayo sita yamekwenda wapi?"

Hakuna aliyemwita dada mwizi. Hapakuwa na haja. Ukishakaa kwenye vikundi vya pesa unaujua ule ukimya, na unajua macho yanaelekea wapi.

Nikaomba laptopu. Swali la kwanza nililomuuliza dada lilikuwa, "Hii karatasi umeiprinti kutoka faili lipi?" Akanionyesha. Lilikuwa faili linaloitwa mgao.csv, lipo kwenye folda yake ya nyumbani. Nikaandika amri ya kutafuta mafaili yote yenye jina hilo kwenye folda yake ya nyumbani na folda zote zilizo ndani yake:

find ~ -name mgao.csv -ls

Yakatoka matatu. Moja limeandikwa saa tatu na dakika 12 asubuhi, lipo kwenye folda ya nyumbani. La pili saa tatu na dakika 40, lipo ndani ya folda ya data. La tatu saa tatu na dakika 58, lipo juu ya desktopu. La kwanza lilikuwa na magunia 35 ya Mayu. La pili na la tatu yalikuwa na 41.

Nikamwomba dada anisimulie asubuhi yake hatua kwa hatua, na hapo ndipo nilipoelewa kosa ni la nani.

Saa tatu na dakika 12 alifungua terminali akaandika mgao, akabonyeza Enter. Mstari mpya ukatokea, alama ya dola na kielekezi kinachopepesa mbele yake. Hakuna neno. Akasubiri. Hakuna neno. Akasema moyoni, imegoma. Akafikiri kwa nini igome, akakumbuka kuwa hajaingiza mzigo wa boti la mwisho kutoka kisiwa cha Ukara, lile lililofika Jumamosi jioni likiwa na magunia sita ya Mayu. Basi akaingiza. Akafungua terminali tena, safari hii kwa kubofya ndani ya folda ya data, akaandika mgao. Kimya. Akajaribu mara ya tatu akiwa kwenye desktopu, kwa sababu mambo yake yote anayaweka pale. Kimya. Alipokata tamaa akafungua folda ya nyumbani akaliona faili mgao.csv limekaa. Akashukuru Mungu, akaliprinti. Hakuwa na namna ya kujua kwamba hilo ni la jaribio la kwanza, kabla ya Ukara.

Programu yangu ilifanya kazi mara zote tatu, bila kukosea hata shilingi. Ilichokosa ni sentensi moja.

Nieleze kidogo kwa wasioishi ndani ya terminali. Kila terminali iliyofunguliwa imesimama mahali fulani, ndani ya folda fulani, na hapo ndipo mahali pa kazi. Ukiandika pwd inakutajia. Programu ikiambiwa iandike faili kwa jina tupu, bila kutajiwa folda, inaliandika hapo hapo mtumiaji aliposimama. Mimi nilikuwa nimeiandikia mgao isome data kutoka sehemu moja isiyobadilika, lakini kutoa, itoe popote. Kwa hiyo usomaji ulikuwa sahihi kila mara, na utoaji ukawa unatawanya karatasi chini kila dada alipohama. Kwenye kompyuta yangu sikuwahi kuliona tatizo, kwa kuwa mimi husimama mahali pamoja siku zote. Niliijaribu programu miezi miwili nikiwa nimesimama palepale.

Tuliprinti karatasi mpya palepale Mwaloni. Mayu akalinganisha na daftari, fungu kwa fungu, akafunga utepe wake, akamwambia dada, "Nisamehe, mwanangu." Dada akalia kabisa. Mimi nikawaeleza wote kwamba kosa lilikuwa la programu na la aliyeiandika, siyo la aliyeitumia, na nikarudia kwa Kisukuma changu kibovu ili wazee wasikie vizuri. Mambo mengine yaliendelea. Lakini ile nusu saa ambayo binti mwaminifu alisimama mbele ya mama zake akionekana mwizi, mimi siwezi kuirudisha.

Wakati naondoka nilipishana na wapagazi wakishusha mzigo. Kijana mmoja amebeba gunia kichwani, anapita mbio, analibwaga, anageuka na kupaza sauti: "Mama, mzigo wako uko chini ya lile turubai la bluu, upande wa mzani!" Kisha anarudi majini kuchukua jingine. Sikuwahi kulisikiliza neno lile, ingawa nimelisikia maisha yangu yote. Mpagazi asiyesema mzigo ameuweka wapi, Mwaloni hapati kazi siku ya pili. Maelfu ya magunia yanafanana pale.

Usiku huo nikakaa na programu. Kwanza nikaifanya iandike kwenye folda moja inayojulikana, inaitwa Ripoti, na kila faili libebe tarehe na saa kwenye jina lake ili la asubuhi lisifunike la mchana. Halafu, mwishoni kabisa, baada ya faili kufungwa na kuhakikishwa lipo, iseme hivi:

Limehifadhiwa: /home/ofisi/Ripoti/mgao-2025-09-09-2114.csv
Wanachama 23, magunia 412

Ni kazi ya mistari miwili. Kwenye Python unachukua njia ya faili, yaani anwani yake ndani ya diski, unaipitisha kwenye resolve(), inakuwa njia kamili kuanzia mzizi wa diski, kisha unaichapisha. Nilimaliza kabla chai haijapoa.

Neno "kamili" ndilo lenye uzito. Programu nyingi zinadhani zimesema, kumbe zimetaja jina tu. Ukiniambia "limehifadhiwa kwenye mgao.csv" umenirudisha kwenye swali lilelile, maana jina ninalijua, folda ndiyo siijui. Na pale nukta na mkwaju vinapotangulia, ./mgao.csv, maana yake ni "hapa", na hapa ni wapi kwa mtu ambaye hajui amesimama wapi? Dada akipewa njia yote kuanzia /home anaweza kuinakili, akaibandika kwenye kidirisha cha mafaili, likafunguka. Anaweza hata kunisomea kwa simu.

Nimekuwa nikizitazama programu ninazotumia kila siku kwa jicho hilo tangu siku ile. Baadhi zina adabu kubwa. Wget, ile ya kupakua mafaili mtandaoni, inakutajia jina la faili inapoanza kulihifadhi, na ikimaliza inakutajia tena pamoja na ukubwa wake. Ikikuta jina hilo lipo tayari, hailifuti la zamani, inaongeza .1 mwishoni, na kwa kuwa imekutajia jina jipya, unajua. Ssh-keygen inayotengeneza funguo za siri inakueleza ufunguo wa siri umewekwa wapi na wa wazi umewekwa wapi, kila mmoja kwa mstari wake. Pdflatex, pamoja na maneno yake mengi yanayomtisha mgeni, inafunga kwa kutaja PDF iliyoandika, kurasa ngapi na baiti ngapi, kisha inataja faili la kumbukumbu za safari yake. Ffmpeg ikikuta faili lipo inasimama na kukuuliza kama uko radhi lifunikwe. Git ukiiambia inakili mradi inakutajia folda inayonakilia kabla haijaanza.

Nyingine ni bubu. Cp inanakili kimya, na hiyo naielewa, kwa kuwa wewe mwenyewe umeitajia mahali pa kupeleka. Ukitaka iseme unaiongezea -v. Curl ukiipa -O inakuonyesha jedwali la kasi na asilimia, tarakimu zinakimbia kweli kweli, lakini jina la faili ililoliweka halimo. Na gcc, mkusanyaji wa lugha ya C: usipoitajia jina, inaweka programu yako kwenye faili linaloitwa a.out, bila kusema chochote. Nakumbuka nikiwa chuoni, siku ya kwanza ya C, nilirudia amri ile mara sita nikidhani kompyuta ya maabara imeharibika. Aliyekaa jirani yangu ndiye aliyeninong'oneza niandike ls, amri ya kuorodhesha mafaili yaliyomo. Darasa zima tulijifunza a.out kwa kunong'onezana, wala hakuna aliyeona kuwa ni ajabu.

Kuna kaka mmoja hapa mjini, fundi wa siku nyingi, ambaye amenifundisha mengi na ninamheshimu. Nilipomsimulia kisa cha Mayu akatikisa kichwa. "Wewe unataka kuharibu Unix," akaniambia, akimaanisha ule mfumo wa kompyuta ambao mila za terminali zimetokana nao. "Programu nzuri haiongei. Ikikaa kimya ujue mambo ni mazuri. Ikisema, ujue kuna shida." Tulibishana hadi samaki wakapoa mezani, na nilirudi nyumbani bado nabishana naye kichwani, kwa sababu hakuwa anasema upuuzi.

Ukimya huo una historia yake. Unix ilianza 1969 pale Bell Labs, Marekani, na mashine ambazo watu wale walizitumia kuzungumza na kompyuta miaka ile ya mwanzo zilikuwa taipureta zinazochapa kwenye karatasi. Ile maarufu, Teletype Model 33, ilichapa herufi 10 kwa sekunde. Sentensi ya herufi themanini ni sekunde nane za kelele za chuma na karatasi inayoteketea. Mahali kama hapo kila neno la ziada ni gharama, na programu yenye maneno mengi ni kero ya chumba kizima. Kisha 1973 likaja bomba: ile alama ya mstari wima inayochukua kinachotoka kwenye programu moja na kukimwaga ndani ya nyingine. Programu ikichanganya salamu zake na data, anayefuata kwenye mstari anakula salamu hizo kama data. Hesabu yangu ya magunia ikipita kwenye bomba, na katikati kuna "Hongera, kazi imekwisha", programu inayofuata itatafuta mwanachama anayeitwa Hongera.

Kwa hiyo kaka yangu ana haki kwenye bomba. Ila wazee haohao wa Bell Labs walilitatua jambo hilo zamani, na hapo ndipo ninapomng'ang'ania. Kila programu ina milango miwili ya kutolea maneno. Mmoja ni wa mazao, unaoitwa stdout. Wa pili ni wa taarifa, stderr. Kwa kawaida yote miwili inaishia kwenye skrini, ndiyo maana watu wengi hawajui kuwa ni miwili, lakini ukiunganisha bomba, bomba linabeba wa mazao peke yake. Inasimuliwa kwamba mlango wa pili ulizaliwa kutokana na hasara: walikuwa na mashine ya kupanga herufi kwa picha, na mara kadhaa kazi ilitoka imechapwa ujumbe wa kosa badala ya maandishi yao, ujumbe ambao ungetokea kwenye terminali wangeuona mapema. Wakautengea njia yake.

Basi taarifa ya "nimeliweka hapa" ipite kwenye mlango huo wa pili. Wget inafanya hivyo. Mgao sasa inafanya hivyo. Aliye na bomba hasumbuliwi, aliye mbele ya skrini anaambiwa. Na asiyetaka kabisa kusikia apewe -q, anyamazishe kwa hiari yake. Ukimya uwe chaguo la anayejua. Asiyejua asibebeshwe.

Na kuna tofauti moja ambayo kaka alikubali nilipomwambia, baada ya kunyamaza kidogo. Ile kanuni ya ukimya ilikuwa inahusu programu ambazo mazao yake yanatoka mbele ya macho yako au yanaingia kwenye bomba uliloliunganisha mwenyewe. Hapo swali la "wapi" halipo. Programu inapochukua uamuzi wa kuandika faili kwenye diski yangu, tena ikachagua yenyewe jina au folda, imefanya jambo nyumbani kwangu nisiloliona. Hilo lazima iniambie.

Tangu nilifungue jicho hilo nimekutana na mitego mingine, na nitaitaja kwa kuwa mmoja wenu atakuwa ndani yake sasa hivi.

Cron, ile inayoendesha kazi kwa saa uliyopanga, haisimami pale uliposimama wewe ulipoijaribu. Inasimama kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji. Nilimwandikia mteja mmoja skripti ya kunakili akiba ya data kila usiku, nikaijaribu, ikaandika vizuri kwenye folda ya akiba nilimokuwa nimesimama. Wiki tatu baadaye folda ile haina kitu kipya, na mimi natokwa jasho. Akiba zote zilikuwapo, ishirini na moja, zimejipanga kwenye folda ya nyumbani ambayo hakuna aliyekuwa anaitazama. Zingeweza kuwa zimepotea kweli. Kwa hao akina mama wa dagaa cron siitumii kabisa, maana yenyewe inafuata kalenda, na hesabu yao inafuata mwezi wa angani.

Folda ya /tmp nayo. Programu inayokuandikia matokeo ndani ya /tmp bila kukuambia inakuandikia juu ya mchanga wa ufukweni. Kwenye mifumo mingi kompyuta ikiwashwa upya vilivyomo vinafagiliwa, na kwenye baadhi folda yenyewe iko kwenye memori, siyo kwenye diski. Umeme ukikatika, umekwisha. Mtu wa Mwanza sihitaji kumweleza zaidi.

Halafu watumiaji wa Windows wanaoendesha Linux ndani yake kupitia WSL. Dada wa kikundi kingine kule Igombe ana laptopu ya hivyo. Programu ilimtajia njia kamili, /home na kuendelea, lakini yeye anatafuta kwenye diski C, na kwenye diski C hakuna /home. Ikabidi niifanye mgao itambue iko ndani ya WSL, na itaje njia zote mbili. Kuna amri iitwayo wslpath ambayo ukiipa -w inaitafsiri njia ya Linux kuwa ya Windows. Vivyo hivyo kwa Docker, inayoendesha programu ndani ya kisanduku kilichotengwa kiitwacho kontena: faili linaandikwa ndani ya kontena, programu inasema kwa unyofu kabisa "limehifadhiwa /data/ripoti.csv", nayo kweli ipo, lakini /data hiyo ni ya kontena, na usipokuwa umeiunganisha na folda ya nje, kontena likifutwa faili linakwenda nalo. Njia kamili ni ya kweli tu kwa mtu aliye upande uleule wa ukuta.

Jambo jingine dogo: wakati wa kusema. Kuna programu, sitaitaja, inayotangaza mahali pa faili mwanzoni kabisa, kabla haijaandika chochote. Diski ikijaa katikati, tangazo limeshatoka, na mtu anaamini. Tangazo la mwanzo liseme "nitaliweka", la mwisho ndilo liseme "nimeliweka". Kiswahili kimetupa viambishi hivi vya bure na vinatofautisha kila kitu, tuvitumie. Ndiyo sababu nyingine ya mgao kuzungumza Kiswahili. Dada alikuwa akipitisha macho juu ya maneno ya Kiingereza kwenye terminali kama anavyopitisha macho juu ya namba ya chapa ya kiwanda kwenye gunia. Neno "Limehifadhiwa" analisoma.

Nimeanza pia kuwaandikia watengenezaji wa programu ninazozitumia. Siwaandikii kwa malalamiko. Ninawaeleza nilichofanya, nilichokiona kwenye skrini, mahali nilipolikuta faili na muda nilioutumia kulitafuta, kisha ninawaambatanishia ule mstari mmoja wa msimbo. Wawili wameupokea. Mmoja aliuliza kwa nini mtumiaji asitumie ls. Nilimjibu kwa kirefu, nikamweleza kuhusu mafaili matatu yenye jina moja na daftari la mistari ya bluu. Bado hajajibu.

Mbalamwezi ya Oktoba ilikuwa kubwa Jumanne ya tarehe 7. Nilikwenda Kirumba bila kuitwa, nikakaa pembeni juu ya gunia. Dada akafungua terminali, akaandika mgao, akabonyeza Enter. Akasoma mistari miwili kwa sauti, na mkwaju kila alipoufikia akautaja, mkwaju home mkwaju ofisi mkwaju Ripoti, mpaka mwisho. Akalifungua faili moja kwa moja, akaprinti.

Nilikuwa nimeongeza kitu kimoja bila kumwambia. Chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo, ile njia ya faili inajitokeza tena pamoja na saa lilipoandikwa. Mayu alipopewa nakala yake alianza na magunia, kama kawaida, ukucha juu ya daftari. Yalikuwa ishirini na nane, yakalingana. Kisha akaiona ile mistari midogo ya chini, akauliza ni nini.

"Ni mahali karatasi hii inapokaa ndani ya kompyuta, Mayu," dada akamwambia. "Hata ikipotea hii, tunajua pa kuifuata."

Mayu akaitazama kwa muda. Akafungua utepe wa khanga, akampa dada daftari na kalamu ya bluu, akamwonyesha nafasi chini ya mistari yake ya mwezi ule. "Niandikie na hapa," akasema.